Kibao cha Mama Zaina Kimehama

Papa,

Barua hii haina bahasha. Naiandika wazi ili yeyote anayekwenda Kampene, Pangi au mji wa Kama aisome, na akikukuta akuambie. Habari yenyewe ni fupi: kibao chako kimehama. Hakikwenda mbali, lakini ni wewe uliyesema utakitafuta, kwa hiyo lazima ujue.

Unakumbuka siku ulipokichora? Mama alitaka blauzi ya buluu. Rangi ya buluu ulikuwa umeimaliza kwenye kibao cha muuza dawa, ukamchorea blauzi ya njano yenye mikono myekundu. Alikununia siku mbili. Kisha wateja wakaanza kuja wakitaka “ile ya ku kibao”, akaishona mpaka akaipenda. Juu uliandika KWA MAMA ZAINA, chini TUNASHONA NGUO. Nilipita mtaani nikiringa, maana jina la duka lilikuwa nusu langu.

Vita vilipofika hapa Kindu, kazi yako ya kuchora vibao ilikuwa ya kwanza kufa. Askari waliingia palipo na kibao, kwa sababu kibao kinasema ndani kuna kitu. Watu uliowachorea wakakuita tena, safari hii uwasaidie kung'oa. Wengine waliviacha nje, wakavigeuza tu. Chetu tulikiingiza chumbani, uso ukaangalia ukuta. Nyuma kulikuwa na alama za vidole vyako vinne, vyekundu, za siku ulipokibeba kabla rangi haijakauka. Miaka yote ile ya vita, alama hizo ndizo tulizokuwa tunaziangalia.

Treni zilipoacha kuja, ulipakia kwenye baiskeli nguo ambazo mama alikuwa ameshona, uende kuziuza kwa wachimbaji wa Kampene. Mimi nikakushika shati.

“Papa, na ukirudia, utajua kwetu namna gani? Kibao hakiko.”

“Vita itaisha, mutakisimamisha. Nitavuka mayi ya muto, nitaona blauzi yangu ya njano, nitaingia.”

Nyumba ulikuwa unaijua, bila shaka. Ulikuwa unamtuliza mtoto tu. Lakini mama aliyashika maneno yale kuliko mimi. Risasi zilipotulia hakuanza kwa kufagia. Alitafuta yale mashimo mawili ya miguu ya kibao kando ya barabara, tukakisimamisha palepale. Baadaye nilitaka kukipaka rangi upya, akakataa. Pikipiki zilikuwa zinakigonga, nikataka kukisogeza, akakataa. “Papa yako atakitafuta wapi?” Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mama hayuko tena, Papa. Aliugua kifua, akafa nyumbani, mikononi mwangu. Nakuambia hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kukuambia. Niliirithi mashine yake ya kushona, na amri ya kibao nayo nikairithi.

Sasa sikia mambo ya ofisi ya mji. Karatasi ya Kifaransa ilibandikwa sokoni: vibao vyote vya biashara viandikishwe, na baadhi vilipiwe. Nani aliisoma mpaka mwisho? Sisi tulisikia neno moja tu, kulipa, na mtaa mzima ukafanya kile unachokijua. Asubuhi moja, kutoka kwetu mpaka njia ya reli, vibao vyote vilikuwa vimegeuzwa. Mama Furaha, jirani yangu anayeuza mchele, aliniita kwa sauti: “Zaina, geuza! Kama hawaone jina, wataandika nini?” Nami nikakigeuza. Ungecheka sana. Vita vimekwisha zamani, mikono yetu haijapata habari.

Tuliumia wenyewe. Wasafiri waliposhuka kwenye treni waliona mbao tupu, wakapita, wakaenda kushonesha sokoni. Mimi nikabaki na zipu na pindo za majirani. Nikaanza kuulizia mtu wa kununua mashine ya mama.

Ndipo ajenti wa ofisi ya mji akaja na kopo la rangi nyekundu, akitia msalaba kwenye kila kibao kinachosimama barabarani. Kugeuzwa hakukumsumbua hata kidogo. Alizunguka upande wa pili akasoma. Hakuwa na kitu cha kupimia, kwa hiyo akaazima utepe wangu wa kushonea. Nikampa. Ningefanya nini?

“Hii kibao njo ya nani?”

“Ya papa yangu. Njo yeye aliichora.”

“Yeye iko wapi?”

“Alienda Kampene.”

“Atarudia lini?”

“Alienda wakati ya vita.”

Aliacha kuandika. Akakunja utepe wangu taratibu, akanirudishia.

“Mama, sheria haikatae kibao,” akasema. “Inakataa fasi, ile pahali kinasimama. Hapa ni udongo ya barabara: utaomba ruhusa, utalipa kila mwaka. Ku ukuta yako, unaandikisha tu, basi.”

Nilimwomba anisomee karatasi yote, mstari kwa mstari. Ni kweli, iliandikwa hivyo, karibu na mwisho, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Nilipomweleza Mama Furaha alinitukana mimi, akamtukana ajenti, kisha akaenda kutafuta nyundo.

Mimi sikuwa mwepesi namna hiyo. Kulipia kibao barabarani kila mwaka nisingeweza bila kufunga duka. Lakini kukiondoa niliona ni kukuambia usije. Siku tatu sikushona. Na nilikukasirikia, Papa, nisikufiche: wewe ulikwenda na baiskeli, sisi ukatuachia ulinzi wa mbao.

Siku ya nne nikaazima msumeno. Miguu ya kibao ilikuwa imeoza ardhini. Mvua za mwaka huu zingekiangusha bila kuuliza sheria. Nilipokilaza, vile vidole vinne vilikuwa bado viko. Nikaweka vyangu juu yake. Vinalingana. Nililia kidogo, halafu nikaomba ngazi, nikakipigilia ukutani.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke aliyetoka kwenye treni. Alinyoosha kidole juu akasema anataka ile ya njano. Naimalizia leo, imebaki mikono.

Sisemi kwamba nakungoja. Mimi ni mtu mzima na hesabu ya miaka naijua. Nasema tu mahali kibao kilipo. Ukivuka mto kutoka Alunguli ukapanda mpaka kwetu, kando ya barabara utakuta mashimo mawili. Usishituke, usirudi. Inua macho juu ya mlango. Blauzi ni ileile, na mlango uko chini yake.

Mtoto wako, ambaye mama aliitwa kwa jina lake,
Zaina