Mguu wa Mwisho Mkekani Kwangu

Msambweni, Jumatano

Kwa mdogo wangu Hafswa, huko Tiwi.

Assalaam alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila goti la kulia linalia kama mlango wa choo. Wewe je, kifua kimepoa? Anayeniandikia ni Mwalimu Alamin wa madrasa. Nimemwapisha asilainishe neno, maana leo sina laini la kukupa.

Hafswa, umenifanya mtoto ndani ya nyumba yangu.

Wajua mjukuu wetu Nusra aliumia muundi wa mguu wa kushoto akijifua kwa zile mbio ndefu za Mombasa, za Jumapili hii. Miezi mitano nyuma alikuja akichechemea, akaulaza mguu mapajani pangu. Nikamwambia ni mshipa umekaza, nitaukanda, utapoa. Mwezi mzima, kila alasiri, nikamchua kwa mafuta ya nazi, naye akiuma upindo wa leso asipige kelele.

Kumbe baada ya hapo kila akiniaga kwamba anakuja kukusalimu, wewe wamchukua hadi Diani kwa daktari wa viungo! Huyo Bi Shutu akamtuma kupigwa picha, ufa ukaonekana kwenye mfupa. Akamkataza kukimbia, akamkataza kukandwa. Baadaye akamtembeza baharini maji ya kifuani, akamfundisha kunyanyua visigino, kisha akamrudisha mbioni kwa dakika za kuhesabu. Sasa mtoto amekimbia kilomita thelathini na hasikii hata uchungu wa kuumwa na mdudu. Namshukuru Mungu, na huyo Bi Shutu namwombea.

Wewe sikuombei bado. Ulimwambia Nusra aendelee kuja kwangu, anisihi nipake taratibu tu, eti nisivunjike moyo. Miezi minne napaka mafuta kazi ya mtu mwingine, na kwenye mfereji tukiteka maji najigamba kwamba mguu unaponea mikononi mwangu! Alhamisi iliyopita dole gumba langu likanata kwenye gundi ya plasta ya huyo daktari iliyobaki muundini, na mtoto akalia akasema yote. Jirani yangu Dama, aliyesikia kila neno, ameniuliza kama huwa nakanda miguu au napaka chapati mafuta. Tangu siku hiyo sijala na Nusra sahani moja. Kila alasiri aniwekea chupa ya mafuta mlangoni, abisha hodi, simwitikii.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama kawaida yako.

Wakumbuka marehemu mama alivyotufunza? Uchungu ukitapakaa, kanda. Uchungu ukikaa penye ncha ya kidole kimoja, juu ya mfupa, ondoa mkono, mpeleke mtu hospitali. Siku ile ya kwanza dole gumba langu lilipafikia hapo juu ya mfupa. Nusra akaruka kama samaki. Nilijua, Hafswa. Nilijua nikanyamaza. Watu wote siku hizi wanakwenda kliniki, na mguu ule ndio ulikuwa wa mwisho kuja mkekani kwangu. Ningemwambia nenda, ningebaki na mikono ya kuoshea sufuria. Kwa hiyo nikamkanda mtoto wa marehemu mwanangu juu ya ufa, mwezi mzima, huku namwona anauma leso.

Ninyi mlinidanganya kwa kunionea huruma. Mimi niliyemwonea huruma ni nafsi yangu. Mwalimu Alamin ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia aandike.

Nusra usimwambie wewe, umeshasema ya kutosha. Leo alasiri akibisha hodi nitamwitikia. Chupa nitaiweka kando, nimwambie kwa kinywa changu. Akitaka bado niende naye Jumapili, utanikuta pale wanapomalizia, na leso ya kumfuta jasho. Akikataa, nenda wewe umfutie, na usimwulize kwa nini sipo.

Wasalimu wote wa nyumbani. Kifua chako kipake mafuta ya habasoda, na kikizidi nenda hospitali, usije kwangu.

Ni mimi dada yako mwenye hasira na wewe, anayekupenda,

Mwanafatuma

Kalamu siijui. Nimetia dole gumba hapa chini. Ni lile lile.