Fundi, Risasi Ile Haikuwa Yako

Fundi Wafula,

Pole kwa kukusumbua huko uliko, lakini habari hii nisipokuambia nitapasuka. Jina lako limesafishwa, Fundi! Risasi ile haikuwa yako.

Tulipokusafirisha tu kutoka huku ughaibuni kuzikwa nyumbani, bunduki ya jamaa mmoja ikalipuka shambani kule Umm Salal, ikamchoma mkono. Kuulizwa risasi ameitoa wapi, akasema, "Kwa yule Mkenya wa klabu ya shabaha, aliyekufa." Ona ujanja! Marehemu hajibu. Polisi wakaniita mimi, msaidizi wako, niseme kama tulikuwa tukiwajazia watu baruti kwenye maganda ya risasi kwa siri. Nilijiona nimeshafungwa, au nimepandishwa ndege bila hata sanduku.

Niliwaambia kibali chetu ni cha bunduki za klabu tu. Nikawasimulia ulivyowakatalia hata marafiki zako wa mtaa wa Al Sadd, wakakununia. Ulisema, "Bunduki ya mtu siijui itastahimili baruti kiasi gani. Ikimlipukia, nitamwambia nini mama yake?" Walinisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Kilichotuokoa ni rangi ya kucha. Ile nyekundu uliyokuwa ukipaka kitakoni mwa kila risasi ili unyevu usiingie, nasi tukikucheka kwamba unanukia saluni! Mpelelezi alitaka kuona risasi zako zilizobaki stoo. Zote nyekundu. Zilizobaki kwenye boksi la yule jamaa hazikuwa na hata tone. Alipobanwa akasema ukweli: alizijaza mwenyewe, baruti akikisia tu. Wallahi, niliketi sakafuni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Bado nimemkasirikia, usidhani. Kumsingizia mtu hata udongo wa kaburi haujakauka! Lakini mkono wake unapona, nami usingizi umerudi.

Mashine yako ya kujazia risasi sasa ninaishika mimi. Nakuahidi, Fundi, sitamjazia mtu wa nje hata risasi moja, awe rafiki, awe mgeni wa bosi, hata anililie. Nikifukuzwa kwa hilo, khalas, basi, nitarudi nyumbani na vidole vyangu vyote.

Jana nilimpigia mkeo kule Bungoma. Tangu mazishi, uvumi wa risasi ile ukiwa umemfikia, hakuwa ametoa chozi, na watu walishaanza kumsema. Nilimwambia huna hatia. Akasema, "Asante, shemeji. Kata simu sasa, nimlilie mume wangu."

Pumzika, Fundi.

Wako,
Juma