Kwa Leander Gaines, Aliyetukataza Kucheza Sebuleni

Mwaka umetimia tangu utuachie nyumba hii ya Barabara ya Prospect, Kansas City, Baba, na mpaka leo tukipita sebuleni tunanyata.

Ulikuwa mtu mwema. Mchana kutwa ulishinda machinjioni, masikio yakijaa kelele za misumeno na milio ya ng'ombe, na jioni ulimpelekea mbavu jirani yetu mjane, Bi. Hattie, kabla hujavua viatu. Hukuwahi kutuinulia mkono. Kisha ulioga, ukafuta santuri kwa kitambaa laini, ukaketi kwenye kiti chako kimoja katikati ya spika mbili.

"Sikilizeni," ulituambia. "Tromboni kushoto, saksafoni kulia. Mnamsikia mpiga ngoma anavyopitisha brashi? Hata ukumbini hatukumsikia hivi!"

Nasi tulimsikia. Hilo umetuachia, na tunakushukuru.

Lakini Mama, Odessa wako, hukumpata kwenye kiti. Ulimpata kwenye ukumbi wa dansi, na wazee wa mtaa huu wangali wakisema watu waliacha kucheza ili wamtazame yeye. Ukamwoa, ukanunua mitambo ya muziki, na mbao za sakafu zikawa adui yako: mtu akipiga hatua tu, sindano ya gramafoni inaruka.

"Odessa, miguu!"

"Leander, bendi ile haikupigia masikio peke yake. Hii ni swingi, muziki wa dansi, si matanga."

"Basi nenda ukacheze barazani."

Akaenda kweli. Theluji inaanguka, yeye na koti lake anacheza peke yake nje ya dirisha ulilokuwa umeliacha wazi kidogo. Ukainuka ukalifunga, eti baridi inapinda santuri. Hakucheza tena, na wewe hukuuliza kwa nini. Hilo linatuuma hata kuliko kifo chako.

Mwezi uliopita Mjomba Wendell, kaka yake Mama, alipigilia ubao ukutani, akaiweka gramafoni juu yake isiguse sakafu. Kazi ya mchana mmoja. Tuliruka, tukakanyaga kwa vishindo, wajukuu wakaangushana. Sindano ikatulia tuli.

"Nilimwambia Leander nimwekee ubao huu tangu mtoto wenu wa kwanza azaliwe," Mjomba akamwambia Mama. "Akasema hatoboi ukuta wake kwa ajili ya miguu ya mtu."

Mama alikuwa kwenye kiti chako, mkongojo mapajani, nyonga zimekwisha. Vernell, kifungua mimba wako, akamshika mkono.

"Njoo, Mama. Sakafu ni yako sasa."

"Sasa?" Mama akasema. "Sasa nicheze na miguu ya nani?"

Unakumbukwa na mkeo Odessa, wanao Vernell na Cleophus, shemeji yako Wendell, na wajukuu wako wote.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Kukusamehe ni kazi ya Mama, na sisi hatumharakishi.