Majivu Amerudi Kanja

Jumamosi, 2 Agosti
Linda amefika kutoka Meru na katoni yenye matundu. Ndani — paka wetu Majivu! Amenona. Alipoondoka hapa Kanja kwenda kukaa na binti yetu huyu alikuwa anatosha kwenye kofia yangu. Linda amehamia nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hataki mnyama yeyote. Akaona amrudishe kwa mama yake. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.
Tulifungua katoni mbele ya mama yake, Chifu, na ndugu yake, Askari. Nilitarajia shangwe. Chifu alinusa mara moja tu, akavimba manyoya, akamchapa kofi, akatoka nje. Askari akapanda juu ya kabati. Majivu yuko chini ya kochi, hatoki hata kwa omena.

Jumapili, 3 Agosti
Linda amerudi Meru baada ya kanisa. Macho mekundu. Chifu hajaonekana tangu jana.

Jumatatu, 4 Agosti
Mbogo, jirani wa ng'ambo ya kijito, alipita akipeleka majani ya chai. Anasema Chifu analala kwenye zizi lake, anakunywa maziwa. "Mwalimu, paka wako amehamia kwangu bila barua ya uhamisho." Nikaenda kumbeba. Alitulia hadi mlangoni petu, kisha akanikwaruza mkono na kurudi mbio kwa Mbogo.
Mke wangu Wambeti amesema wazi, bila hasira. Mahindi ndiyo tumetoka kuvuna, na panya tayari wamelianza gunia la kona. Mlinzi wa stoo ni Chifu. Askari kazi yake ni usingizi. Chifu asiporudi kufikia Jumapili, Majivu aende kwa Rwamba wa hoteli kule Runyenjes, ambaye amekuwa akiomba paka. Hoteli yenyewe iko kando ya lami. Majivu amelelewa ghorofani, hajui lori ni nini.

Jumanne, 5 Agosti
Leo nimeelewa! Wambeti alimwinua Majivu, akasema ananukia kama bibi harusi. Nikampigia Linda. Ndiyo, alimwosha Ijumaa kwa shampuu yake ya nazi, akampaka na mafuta kidogo. "Baba, kwani ningemleta nyumbani akiwa mchafu?"
Sikuweza kumlaumu. Ndivyo tulivyomlea: mtoto haendi kwa nyanya yake kabla ya kuogeshwa na kupakwa mafuta hadi magoti yang'ae. Ila paka hasomi sura, anasoma harufu. Paka wa nyumba moja husuguana mpaka wote wanuke kitu kimoja. Hiyo ndiyo sare yao. Chifu hakumkataa binti yake. Aliona mgeni.
Basi tumrudishie sare. Nimemhamishia kwenye jiko la kuni, alale juu ya gunia analolalia Chifu. Lile sweta kuukuu la Linda ambalo Majivu alikuja akililalia katonini, nimelipeleka kwenye zizi la Mbogo, nikalitandika kando ya kisahani cha Chifu. Mbogo alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kama nimeleta mahari.

Alhamisi, 7 Agosti
Ukungu, baridi kali. Majivu ameingia kwenye jivu la jana kutafuta joto, akagaagaa. Wambeti alichukua kitambaa ampanguse. Nilimnyang'anya. Usimguse, yuko kazini! Askari amekuja kulala pembeni ya gunia.
Chifu bado. Panya wametoboa gunia jingine. Wambeti alinionyesha shimo.

Jumamosi, 9 Agosti
Rwamba amepiga simu: kesho baada ya ibada atapita na pikipiki. Linda naye amepiga, kuuliza hali ya Majivu. Nikasema anakula vizuri. Ni kweli, anakula vizuri.
Mbogo anasema Chifu sasa analalia lile sweta. Nimemwomba akate maziwa. Amekubali shingo upande. Nadhani amemzoea.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Wambeti aliniangalia, akaenda peke yake. Nimefunga lango kwa ndani. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, naandikia gotini.
Chifu amekuja mwenyewe! Amesimama mlangoni kitambo, mkia chini. Majivu amejilaza kama aliyeanguka. Chifu anamnusa pua. Shingo. Mkia. Ananguruma — sipumui. Halafu ulimi. Sikio moja tu, jivu lote analiramba. Majivu akajitikisa. Kofi!
Lakini makucha yalikuwa ndani. Kofi hilo nalijua. Ndilo alilokuwa akiwachapa walipokuwa wadogo, wasipotulia kuoshwa.
Pikipiki imesimama langoni. Inapiga honi. Ni Rwamba, au ni Wambeti karudi na boda, sijui. Nikiinuka kigoda kitalia, Chifu atashtuka.
Wangoje. Ameanza sikio la pili.