Jembe Nililolitoa Sandukuni Mwako

Mume wangu Maganga,

Mavuno matatu. Mara ya tatu sasa nabangua karanga peke yangu, na wewe uko Dar es Salaam unashona suruali za watu kana kwamba hapa Kwihara ulizaliwa na kichuguu. Miguu unayo, treni ipo. Habari ya kazi nyingi sitaki kuisikia. Hata mimi nina kazi, na bado nimekaa na katekista tangu asubuhi aniandikie, maana kalamu sikufundishwa. Nimemkataza asipambe. Kila mstari ananisomea, na akipamba namfutisha.

Shangazi yako wa Cheyo ameniambia kwaya yenu inakwenda Uganda, watu kumi na wanane, kwa treni mpaka Mwanza, kisha meli. Treni hiyo inapita Tabora. Tangu nisikie, situlii. Naanza kupepeta, naacha. Nafagia ua niliokwisha kuufagia. Natoka mpaka njiani, narudi. Kichwani mwangu nakufungia mizigo, naifungua, naifunga tena.

Unakumbuka tulivyokwenda Nzega kwa miguu kumwona mama yako mdogo alipojifungua? Ulikuwa kijukuu changu cha mapengo matupu mbele. Tulikuwa wanawake watano na wewe, na kila mmoja alifunga kivyake, kimya kimya, asije akaombwa na mwenzake. Tulipopumzika mara ya kwanza tukafungua mizigo: sufuria tano, chumvi hakuna. Tukapika mlenda, ukawa chapwa kama maji ya kunawia. Ukaonja, ukazitazama zile sufuria, ukasema, "Bibi, tuzichemshe zote, labda mojawapo ina chumvi." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nikimkumbuka Kalunde, huyo mama yako, namkumbuka vile, amekaa vumbini, kashika mbavu.

Baba yangu angetuchapa sote. Alikuwa mpagazi, amefika pwani na kurudi sijui mara ngapi na meno ya ndovu begani. Kwao, watu waliokula chungu kimoja walikaa chini kabla hawajafunga chochote, wakaambiana mbele ya wote: wewe chungu, wewe chumvi, wewe sindano na uzi, wewe dawa ya tumbo. Hakuna aliyeamka na kujifungia tu. Waambie wenzako wa kwaya wafanye hivyo. Watu kumi na wanane hawahitaji pasi kumi na nane. Na kanzu zenu za kuimbia ziwekeni sanduku moja, mpokezane kulibeba, msimwachie mnyonge mmoja kwa sababu hajui kukataa.

Wewe mwenyewe chukua shati la mwilini na shati la kubadilisha. Viatu ni hivyo ulivyovaa; vya pili vya nini, una miguu mingapi? Koti liache, chukua blanketi, maana koti halifuniki wawili mkipatwa na baridi ya ziwani. Na mkoba usiujaze. Wenyeji wenu watawapa vitu, na mtu anayekataa zawadi kwa kukosa nafasi ni mtu wa hovyo.

Halafu ule mtihani wa baba yangu unaujua. Funga, jitwike, zunguka nyumba mara tatu. Ulichokilaani mzunguko wa tatu, kitoe.

Nilikuzungusha hivyo siku ulipokwenda Dar es Salaam, na lile sanduku la bati kichwani. Jasho lilikutoka, ukalitua mlangoni, ukasema, "Sijalaani kitu, bibi." Ukaenda kuwaaga majirani. Ndipo nikalifungua. Nikakuta jembe la marehemu mama yako, lililolika mpaka likabaki kama kiganja, umelizungushia shati lako jeupe. Nikalitoa. Shati nikalikunja vizuri, na mahali pa jembe nikajaza matobolwa, viazi nilivyovichemsha na kuvikausha mwenyewe, uone nakupenda.

Ulipofungua huko ukatuma neno kwa fundi mwenzako aliyekuwa anakuja Tabora. Alikuja mpaka hapa, akasimama uani, hakukubali hata maji. "Maganga anasema, mwambie bibi amemtoa mama." Basi. Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa.

Nimewaambia watu wote ilikuwa uzito. Dar es Salaam atalima nini, nikasema, barabarani? Wakacheka, wakaniunga mkono. Sasa katekista ameinua kichwa kunitazama, nami nimemwambia andika, usinitazame. Uzito haukuwapo. Mtoto wa mpagazi hupima mzigo kwa kuunyanyua mara moja, na nilipolinyanyua jembe lile nilijua ni jepesi kuliko mkate. Nililitoa kwa sababu lilikuwa linaondoka. Nilishamzika Kalunde. Wewe ulikuwa unaondoka. Na kile chuma kilicholiwa na udongo akikishika yeye, nacho kingepanda treni hiyohiyo. Alikuwa mama yako, najua. Alikuwa mwanangu kabla hajawa mama yako. Nikaiba, Maganga, kisha nikakuita wewe mjinga usiyejua kufunga mizigo.

Sijalilimia. Nalipaka mafuta lisishike kutu, nalirudisha kwenye kapu, na kesho yake nalitoa tena kuona kama lipo. Hii si raha. Nina jembe, sina mjukuu.

Sasa sikiliza. Wenzako waje na treni yao, utaipandia Tabora; wewe uwe umetangulia kuondoka huko siku mbili kabla, ushuke Tabora uje kwa miguu, njia hujaisahau. Njoo na mkoba nusu. Jembe nimeliweka juu ya kinu, kulia ukiingia. Utalifunga mwenyewe, kwa shati utakalolitaka. Mimi nitakuwa uani napepeta, nimekupa mgongo, mkono wangu hautagusa kitu. Ukimaliza, jitwike uzunguke nyumba mara tatu. Zunguka polepole. Nataka nikuone ukipita.

Mimi mkeo mkubwa,
Bibi yako wa Kwihara