Rangi ya Nyuma ya Kioo

Koboko, 3 Februari 2025

Mwanangu Blanchard,

Salamu nyingi. Mimi niko mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Wewe je, unakula? Masikio yamezeeka, simu siisikii tena, ndiyo maana nampa Natalina, jirani yetu, barua akija soko la Arua.

Wale samaki watatu ulioniletea baada ya matanga ya baba yako, eti “wakuchangamshe, Mama,” hawachangamshi mtu. Tangi lao la kioo liko dirishani, na kila lori la Sudani likipita barabarani wanakimbilia kona moja, wanabanana. Chakula hawagusi. Kioo cha nyuma kinataka kupakwa rangi, wasione barabara. Si wewe ndiye fundi wa kupaka vibao? Kuja siku moja tu. Mwaka wa pili huu sijakuona.

Mama yako, Alphonsine

Arua, 27 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Habari ya hapo? Pole na magoti. Mimi niko salama, kazi tu imenikaba shingo: hoteli moja inataka vibao kumi na viwili.

Nimempa Natalina kopo la rangi ya maji, nyeusi, na sponji. Utaiweza. Futa kioo na siki, kwa nje. Kwa nje, Mama! Ndani utawaua. Zungushia utepe wa karatasi pembeni, paka nyembamba, ngoja ikauke, rudia mara tatu. Siku ukiichoka, wembe tu, inabanduka kama ganda la kitunguu. Rangi ya mafuta usiguse kabisa. Kuitoa ni kazi, na harufu yake si nzuri kwa samaki.

Nitakuja Pasaka.

Mwanao, Blanchard

Koboko, 29 Aprili 2025

Mwanangu,

U hali gani? Pasaka imepita. Nilikupikia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, nikaila peke yangu siku tatu.

Kioo nimepaka. Aa, mama yako ameharibu! Nimechukua rangi ya mafuta, ile ya kijani iliyobaki ya mlango. Imechuruzika, imekauka mikunjo mikunjo, na mkono wangu hauna nguvu ya kuikwangua. Samaki mmoja amekufa. Hii sasa inataka fundi mwenyewe. Kuja.

Mama yako

Arua, 16 Mei 2025

Mama,

Natumaini hujambo. Pole kwa samaki. Lakini nilikuambia nini? Wewe na kichwa chako kigumu! Usijali. Jumamosi ijayo anakuja Adriko, tunafanya kazi pamoja, na kwa kioo mkono wake unashinda wangu. Mimi hoteli bado haijaniachia.

Mwanao

Koboko, 2 Juni 2025

Mwanangu Blanchard,

Nakuombea uzima. Mimi niko hivyo hivyo.

Adriko alifika. Barua yako ilisema atakuja yeye, lakini nilijidanganya kwamba mtakuja wawili. Niliposikia hatua mlangoni nilitoka mbio na magoti haya, naita jina lako. Maskini mtoto wa watu, hakujua aangalie wapi. Alikwangua yote, akapaka nyeusi, safi kabisa. Kuku niliyekuchinjia wewe alikula yeye, na kitandani kwako akalala yeye.

Sasa nikuambie ukweli. Sikukosea. Kusoma najua, na kijani na nyeusi naona tofauti. Nilipaka ile mbaya makusudi, nikasema lazima utakuja kuitoa. Samaki akafa kwa ujanja wangu, na wewe ukatuma mtu. Niliumia, Blanchard. Niliumia kuliko siku tuliyomzika baba yako, maana siku ile ulinishika mkono.

Wale wawili waliobaki walianza kula vizuri. Lakini nyuma kukiwa kweusi, kioo kinarudisha sura. Kila nikiwapa chakula namwona humo mwanamke mzee, na nyuma yake viti ambavyo hakuna mtu amekaa. Nilishindwa. Tangi na samaki wake nimempa Paska, jirani yangu wa duka la dawa. Wateja wake wanawapenda.

Kwangu sasa hakuna kioo cha kukwangua wala samaki wa kulisha. Ukikuja, ujue umekuja kumwona mama yako tu. Usitume kitu, na usitume mtu. Kuja wewe.

Mama yako