Kwa Fundi Milimita: Sanduku Lililobaki Kwenye Buti

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba, tangu moyo wako uliposimama, wewe ukiwa umekaa mlangoni unavua viatu vya kazi. Tunaandika yale tu tunayoyajua kwa hakika.

Kazi yako ilikuwa kuyarudishia magari macho. Gari likibadilishwa kioo cha mbele, kamera iliyo nyuma ya kioo hicho hupoteza mwelekeo; haijui tena mstari wa barabara uko wapi, wala lini ishike breki. Wewe uliweka ubao wenye alama mbele ya gari, ukashusha timazi kupima wima, ukavuta uzi, ukaielekeza kamera upya. Ulipenda kusema kwamba kosa la nusu digrii kwenye kioo ni karibu mita nzima ukifika mita mia mbele. Gereji nzima ikakuita Milimita.

Nyumbani hukuwa tofauti. Picha ya ukutani ikiinama kidogo, chai yako ilipoa ukiinyoosha. Hukutupigia kelele. Ulitazama tu, mpaka aliyekosea akajirekebisha.

Sharti lako la kwanza lilijulikana: gari liwe tupu, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, na kamera ikabaki kutazama mawingu. Mteja mmoja mwenye kitambi aligoma kutoka kitini.

"Linawaka, linatembea, unanichelewesha nini?"

"Linatembea, ndiyo. Linatazama wapi? Na wewe pia ni mzigo, mzee wangu. Shuka."

Alishuka akicheka. Tangu siku hiyo hakumwamini fundi mwingine.

Mwezi uliopita jiwe lilipasua kioo cha gari letu. Kilipowekwa kipya, Mama alilipeleka kwa rafiki yako, yule uliyemfundisha kazi hii mwenyewe.

"Shemeji, fungua buti."

"Halina kitu."

"Shemeji, gari limekaa chini kwa nyuma. Mimi nimefundishwa na mumeo."

Mama akafungua. Ndani lilikuwamo sanduku lako la vifaa, na juu yake ovaroli iliyokunjwa, vilevile ulivyoviacha. Karibu mwaka mzima alikuwa akizunguka navyo. Sisi tulijua, wala hatukumwambia avishushe.

"Pima hivyohivyo," alisema. "Aliyeviweka hayupo wa kuvishusha."

"Siwezi. Gari hili linabeba wanawe. Likikosea breki, nitajitetea vipi?" Akashika mpini mmoja. "Njoo, shika huku. Zito kama ubishi wake."

Mama aliipapasa ovaroli. Kisha akaiweka begani, akashika mpini wa pili. Sanduku lilipotoka, gari likainuka kwa nyuma kiasi cha upana wa kidole. Kamera ilikubali kipimo mara ya kwanza.

Sanduku liko gerejini, kwenye meza yako, na linatumika. Ovaroli iko kabatini. Picha za ukutani tunazinyoosha kwa zamu.

Wanaokukumbuka ni mkeo, wanao watatu, dada yako, ambaye bado anasema ulizaliwa umeshika rula, wakwe zako, na mafundi wenzako wote wa gereji.

Sanduku tumelishusha, Baba. Wewe hatutakushusha kamwe.